Mabingwa Wasioandikwa: Igisoro cha Busasamana na Daftari la Sataranji

Msafiri atokaye Gisenyi, mji ulioketi ufukoni mwa Ziwa Kivu, akaelekea kaskazini, hupanda polepole mpaka akafika katika nchi ya udongo mweusi na mawe ya kukwaruza, nayo ndiyo Busasamana, tarafa ya wilaya ya Rubavu inayopakana na Kongo, ambayo wakaaji wake huiona milima ya moto kila waamkapo, na ambayo mashamba yake ya viazi yamestawi kwa sababu ile ile iliyowatia mababu hofu, yaani majivu yaliyotapikwa na milima hiyo tangu dahari. Nchi hii zamani ilikuwa katika jimbo la Bugoyi, pembeni mwa ufalme wa Rwanda, mbali na makao ya wafalme, na watu wake waliishi kwa kilimo, mifugo na biashara na majirani. Katika karne ya kumi na tisa masoko ya Bugoyi yalipokea butega, vikuku vilivyosukwa kwa nyuzi za mimea na Watembo wa misitu iliyo magharibi ya ziwa, navyo vilivushwa kwa mitumbwi kupitia Idjwi na kutumika kama fedha ya kununulia mbuzi na nafaka. Mjerumani von Götzen alipita pande hizi mwaka 1894. Mapadre wakajenga misheni ya Nyundo mwaka 1901. Mkataba wa 1910 ukachora mpaka baina ya majirani waliokuwa wakioana. Na mwaka 1916 Wabelgiji wakaitwaa nchi kwa vita.

Mambo hayo yote tunayajua kwa sababu yalikuwa na waandishi wake. Padre aliandika idadi ya waliobatizwa, karani akaandika kodi, afisa akachora ramani, na hata butega, ambavyo leo havivaliwi tena, vimepata mtaalamu wa taarikhi wa kuvifuatia njia yake kutoka soko hata soko. Lakini ilikuwako katika milima hiyo elimu nyingine, iliyowashughulisha wanaume wenye akili kwa saa nyingi za maisha yao, ikawapa sifa na ikawavunjia sifa, ikawafanya wengine watajwe kwa heshima vilima vitatu mbali na kwao, na ambayo haikupata hata ukurasa mmoja wa kuelezea jinsi fulani alivyomshinda fulani. Nasema juu ya igisoro.

Igisoro ni ubao wenye safu nne za mashimo manane manane, kila mchezaji akimiliki safu mbili zilizo upande wake, na kete zake ni 64, nusu kwa huyu na nusu kwa yule. Wachungaji wasiokuwa na ubao waliyachimba mashimo ardhini. Mchezaji huokota kete zote za shimo moja akazipanda moja moja katika mashimo yanayofuata, akizunguka kinyume cha saa. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, safari haijakwisha, bali huziokota hizo pia akaendelea. Na shimo hilo lenye kete likiwa la safu ya mbele, ilhali mashimo yote mawili ya adui yanayolikabili yana kete, huziteka zote na kuzipanda kwake. Kwa hiyo tendo moja la mkono laweza kuzunguka ubao mara mbili au tatu, likateka, likaanza tena, likateka tena, hata mtazamaji mgeni akadhani kwamba mchezaji anabahatisha, kumbe mchezaji huyo aliuona mwisho wa safari kabla hajagusa kete ya kwanza. Aliyebakiwa na mashimo yenye kete moja moja tu hana la kufanya, na mchezo umemwishia.

Hapana bahati ndani ya mchezo huu. Hapana dadu, hapana karata iliyofichwa, hapana kitu ambacho huyu akiona na yule hakioni. Yote yako wazi mbele ya wote wawili na mbele ya wazee waliozunguka kutazama, ambao nao hawanyamazi. Mtu akishindwa ameshindwa na akili ya mwenziwe, wala hana kisingizio. Ndiyo maana igisoro, kama omweso wa Buganda na kama bao la Waswahili, ulikuwa mchezo wa kumpima mtu; na watu wa zamani walipotaka kumsifu mfalme hawakumsifu kwa mkuki peke yake. Iko miamba katika Rwanda ambayo wenyeji humwonyesha mgeni wakimwambia kwamba pale Ruganzu Ndori, mfalme aliyelelewa mafichoni kwa shangazi yake huko Karagwe kisha akarejea kuurudisha ufalme wa baba yake, aliacha alama ya unyayo wake, na pale pale pana mashimo ya igisoro alichokicheza. Msomi atabishana kama mashimo yale ni kazi ya mfalme au ya maji ya mvua. Mimi naona lililo muhimu ni kwamba watu waliotunga masimulizi hayo walimpa shujaa wao mkubwa vitu viwili vya kukumbukiwa, mguu uliotembea na ubao uliofikiriwa.

Basi ni nani waliokuwa mabingwa wa igisoro katika Busasamana wakati wa mfalme Rwabugiri, au wakati wa Wajerumani, au katika miaka ya Wabelgiji ambapo wanaume wengi walikwenda Kongo kutafuta kazi katika mashamba na migodi, nao bila ya shaka wakachukua mchezo wao pamoja na nguo zao? Wageni walioandika juu ya mchezo huu aghalabu walihesabu mashimo, wakaupima ubao kwa sentimita, wakaueleza mti uliochongwa, kisha wakaupeleka ubao wenyewe katika makavazi ya Ulaya, ambako ungali umelala ndani ya kabati ya kioo pamoja na kibandiko cha jina la kabila. Jina la aliyeushika ubao ule jioni, na jinsi alivyokuwa akiuanza mchezo, na mtego aliokuwa akiupenda, hayakuandikwa. Wameuhifadhi mti, na elimu iliyokuwa juu yake imekwenda na wenyewe.

Nalisema hili si kwa kulaumu tu, bali kwa sababu tunao mchezo mwingine wa kulinganisha nao, ambao ulipatiwa kalamu mapema mno. Sataranji ilitoka Bara Hindi ikaingia Uajemi, na kutoka Uajemi ikaingia nchi za Waarabu, na huko Baghdad, katika zama za makhalifa wa Kiabbasi, wachezaji bora walikuwa na daraja zao na walikuwa wakiandika vitabu. Mmoja wao, Abu Bakr as-Suli, aliyefariki yapata mwaka 946, alimshinda al-Mawardi, aliyekuwa kipenzi cha khalifa al-Muktafi, mbele ya khalifa mwenyewe. Na miongoni mwa aliyoyaacha katika maandishi ni fumbo la vipande vichache tu ubaoni, ambalo alijigamba kwamba hapana awezaye kulifumbua isipokuwa yule aliyefunzwa naye. Fumbo lile likakaa miaka elfu moja. Katika miaka ya 1980 bingwa wa Kirusi, Yuri Averbakh, alikaa nalo akalifumbua. Hebu fikirini maana yake: watu wawili waliotengwa na karne kumi, na lugha, na dini, na mabadiliko ya sharia za mchezo wenyewe, wakakutana juu ya ubao mmoja, mmoja akiuliza na mwingine akijibu, kwa sababu tu ya mstari wa wino.

Mfano ulio karibu zaidi nasi, na ambao kwa rai yangu ni mkubwa kuliko wote, ni wa Mmarekani mmoja aitwaye Maurice Ashley. Huyu alizaliwa Jamaika tarehe 6 Machi 1966, wa kizazi cha Waafrika waliovushwa bahari kwa nguvu. Mama yake akatangulia Marekani kutafuta maisha, nao watoto wakabaki mikononi mwa bibi yao kwa miaka mingi. Na alipokuwa na umri wa miaka 12 kijana akamfuata mama yake Brooklyn, katika mtaa wa Brownsville, ambao wakati ule ulikuwa mtaa wa dhiki na hatari. Shuleni alicheza sataranji na mwenziwe, akashindwa vibaya. Kisha akaingia maktaba, akakuta kitabu, na kitabu hicho kilikuwa cha michezo ya Paul Morphy.

Morphy alikuwa mtu wa New Orleans, aliyezaliwa mwaka 1837 katika nyumba ya watu wenye mali. Aliujua mchezo tangu utotoni kwa kuwatazama baba yake na ami yake wakicheza. Akashinda kongamano la kwanza la Wamarekani mjini New York mwaka 1857. Mwaka uliofuata akavuka bahari, akamshinda Anderssen, Mjerumani aliyehesabiwa kuwa mchezaji bora wa Ulaya, na mjini Paris akacheza na watu wanane kwa mara moja pasipo kuitazama hata mbao moja. Kisha akauacha mchezo, akajaribu uwakili, hakufanikiwa, akafa mwaka 1884 akiwa na umri wa miaka 47, mgonjwa wa nafsi na mwenye kujitenga na watu. Mtu huyu tajiri wa kusini, wa nchi iliyokuwa ingali na utumwa alipokuwa katika kilele chake, asingeweza kuota kwamba mwanafunzi wake mmoja atakuwa mtoto mweusi, mhajiri, asiyekuwa na mwalimu. Lakini michezo yake ilikuwa imeandikwa hatua kwa hatua, na kwa hiyo haikumchagua msomaji. Kijana wa Brownsville aliipanga upya kwa vidole vyake, hatua aliyoifikiria Morphy huko Paris ikafikiriwa tena Brooklyn.

Haimkiniki kusema kwamba kitabu peke yake kilimfanya bingwa. Katika mji ule walikuwako wanaume weusi, wazoefu wa mchezo, waliojiita Skuli ya Dubu Mweusi, wakikutana majumbani na katika bustani ya Prospect Park, wakichezeana kwa ukali na maneno ya kukatisha tamaa, na kijana Ashley akaingizwa kati yao akapigwa mpaka akakomaa. Mzee yeyote wa Busasamana angelitambua baraza lile upesi: mduara wa watu, ubao katikati, kelele, fahari, na mwanafunzi anayefundishwa kwa kushindwa. Tofauti yao na wazee wetu ilikuwa moja, nayo ni kwamba watu wa Dubu Mweusi walisoma, wakarudi nyumbani na daftari, wakayachungua makosa yao usiku.

Mwaka 1991 Ashley, akiwa mwalimu, aliwaongoza watoto wa skuli moja ya Harlem hata wakagawana ubingwa wa taifa wa daraja lao. Mwaka 1993 akapata cheo cha bingwa wa kimataifa. Mwaka 1997 akaacha kazi ya kufundisha ili aelekeze nguvu zake zote katika cheo kilichobaki. Na tarehe 14 Machi 1999, mjini New York, akiwa na umri wa miaka 33, alimshinda Adrian Negulescu na kukamilisha masharti ya cheo cha grandimasta, akawa mtu mweusi wa kwanza duniani kukipata. Cheo chenyewe kilikuwa kimewekewa utaratibu na Shirikisho la Kimataifa la Sataranji mwaka 1950, kilipotolewa kwa watu 27 wa mwanzo, wakiwamo Wamarekani Samuel Reshevsky na Reuben Fine. Mwaka 2016 jina la Ashley likaingizwa katika nyumba ya kumbukumbu ya mabingwa wa Marekani. Kila alama ya safari hii ina tarehe, ina shahidi, ina karatasi. Ni nani basi, katika vilima vyetu, awezaye kuutaja hata mwaka mmoja ambao fulani mwana wa fulani alihesabiwa kuwa fundi wa igisoro?

Wako watakaosema kwamba michezo hii miwili hailingani, kwamba sataranji ni bahari na igisoro ni kisima. Hao hawajaketi mbele ya fundi. Katika miaka ya 1990 Mholanzi Alex de Voogt, ambaye tasnifu yake ya mwaka 1995 katika Chuo Kikuu cha Leiden ilihusu umahiri katika bao, alikaa na mafundi wa Zanzibar akichunguza jinsi wanavyofikiri, na miongoni mwa aliyoyashuhudia ni bao lililochezwa pasipo kuutazama ubao, mchezaji akitaja hatua zake kwa mdomo. Mwenye kulijua bao atashangaa zaidi kuliko mwenye kuijua sataranji. Katika sataranji hatua moja hugeuza mahali pa kipande kimoja, au viwili, na ubao uliobaki haukutikisika. Katika bao hatua moja yaweza kubadili hesabu ya mashimo kumi na zaidi, kete zikihama, zikitekwa, zikipandwa upya kutoka kichwani, na asiyetazama hana budi kuyabeba yote hayo moyoni na kuyasahihisha kwa kila zamu. Morphy alisifiwa katika magazeti ya dunia kwa kuzikabili mbao nane asizoziona. Mafundi wa Unguja wamesifiwa na majirani zao.

Pwani, hata hivyo, ilikuwa na bahati kidogo kutushinda sisi wa milimani, kwa kuwa ilikuwa na washairi. Katika tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, umo utungo wa bao, na msamiati wa mchezo, namua na mtaji, nyumba na kichwa na kimbi, umehifadhiwa vizuri katika lugha na katika makamusi. Baadaye viongozi nao wakauheshimu: Mwalimu Nyerere alijulikana kwa kupenda kucheza bao na majirani zake, na picha zake akiwa ameuinamia ubao zimeonekana na wengi. Lakini hata pwani, penye shairi na penye picha, mchezo wenyewe, yaani hatua ya kwanza hata ya mwisho ya pambano fulani la siku fulani, umebaki haba mno kuandikwa.

Kaskazini yetu, Buganda, omweso ulikuwa mchezo wa ikulu na wa uani, na M. B. Nsimbi aliuandikia kitabu kidogo mwaka 1968, jambo la kushukuriwa. Desturi ya huko iliwaweka wanawake mbali na ubao ule. Na ni katika Buganda hiyo hiyo, mjini Kampala, katika mtaa wa Katwe, kwamba msichana aitwaye Phiona Mutesi alifunzwa sataranji na Robert Katende, akaenda na timu ya Uganda katika Olimpiadi ya sataranji huko Khanty-Mansiysk mwaka 2010, na mwaka 2012, katika Olimpiadi ya Istanbul, akapata cheo cha mwanzo katika vyeo vya wanawake wa mchezo huo. Kitabu kikaandikwa juu yake, filamu ikatengenezwa mwaka 2016, naye akaenda kusoma katika chuo kikuu katika jimbo la Washington, Marekani. Namfurahia mno. Nyanya zake hawakuruhusiwa kuketi mbele ya omweso, naye akaketi mbele ya ubao wa dunia nzima, na hatua zake ziko katika daftari pamoja na za Morphy. Hapo naona pia ukali wa jambo lenyewe: ubao wa kigeni ulimpa mtoto wa Katwe njia ya kujulikana, ambayo ubao wa nyumbani haukuwa nayo kwa mtu yeyote, mwanamume wala mwanamke.

Wala si kwa sababu mchezo wetu ni mgumu kuandikwa. Kinyume chake ndicho kilicho kweli, na nastaajabu kwamba hatukulitia nadhari mapema. Mwandishi wa sataranji hana budi kutaja kipande kilichosogea na mraba kilikokwenda, kwa kuwa kipande kimoja chaweza kwenda pengi. Mwandishi wa igisoro ahitaji namba moja tu, ya shimo lililookotwa, kwa kuwa yote yanayofuata, mzunguko, kuteka na kuendelea, huamriwa na sharia na idadi ya kete, wala mchezaji hana hiari tena akishaanza. Isipokuwa katika mashimo machache yenye ruhusa ya kurudi nyuma ili kuteka, na hapo alama moja kando ya namba yatosha. Bao litataka ziada kidogo, kulia au kushoto, na namna ya kuingiza kete wakati wa namua. Pambano zima la igisoro, ambalo limewakesha watu wawili na kuwagombanisha watazamaji kumi, laweza kukaa katika nusu ya ukurasa wa daftari la skuli.

Skuli ziko Busasamana, na madaftari yako, na wazee wanaocheza wangaliko, ijapokuwa ni wachache kuliko zamani, maana vijana wameelekea simu na mpira. Mtoto wa darasa la sita ajuaye kuhesabu hata 16 aweza kuketi kando ya ubao, akayapa namba mashimo ya kila upande kuanzia kushoto kwa mchezaji, akachora mwanzo jinsi kete zilivyopangwa, kisha akaandika namba moja kwa kila zamu katika safu mbili, ya huyu na ya yule, hata mmoja aishiwe na la kusogeza. Juu ya ukurasa aandike tarehe, jina la kilima, na majina ya wachezaji wote wawili, aliyeshinda na aliyeshindwa.